Mashine ya Kahawa Iliyonirudisha Takaungu

Vijana wangu mnaoshika bisibisi,

Mwalimu wenu wa umeme alinipigia simu akaniomba nije darasani kwenu niwaeleze kazi niliyoifanya mpaka macho yakagoma. Katika maneno yake akaniita bingwa wa mashine za kahawa wa pwani nzima. Nikamwambia nitaandika badala ya kuja. Kuna watu Takaungu ambao wakisikia nimeitwa bingwa wa mashine za kahawa watafunga maduka yao waje kucheka, na darasa lenu halina nafasi ya kuwatosha.

Jina langu ni Salim. Karakana yangu ilikuwa Malindi, nyuma ya soko, chumba kimoja chenye mlango wa bati uliokuwa ukipiga kelele kuliko mteja yeyote. Nilianza na pasi na mabirika, nikapanda kwenye majokofu ya hoteli, na mwisho nikaingia kwenye mashine za kahawa. Sikuingia kwa kupenda. Malindi ina Waitaliano wengi, na Mwitaliano ambaye mashine yake ya kahawa imekufa hakupi nafasi ya kusema huijui. Anakuwekea mezani, anasimama hapo hapo, anangoja.

Ya kwanza kuletewa niliizunguka pande zote. Ilikuwa na kimrija cha mvuke ubavuni, nikadhani ni kitu cha saluni, cha kulainisha nywele. Nikaichomeka kwenye umeme bila maji ndani ili nione itafanya nini. Ilifanya moshi. Aliyeuzima umeme alikuwa Fundi Charo, mtu wa Jilore, ambaye ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa ameketi akinywa chai, na wala hakusimama kwa haraka. Alichomoa waya, akarudi kwenye kiti chake, akasema, "Sasa hitilafu ni mbili. Moja imekuja nayo, na moja ni yako. Anza na yako."

Huyo ndiye Charo. Hakupandisha sauti siku hata moja, lakini nilikuwa nikitoka jasho kila akinitazama. Alinifundisha kukifuta kitu chote kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu kabla ya kukifungua, ili uchafu wa nje usiingie ndani. Nilikuja kukifuta kila kitu maisha yangu yote, hata pale ambapo nisingefuta ningekuwa mtu mwenye akili zaidi, na hilo nitawaeleza.

Alinifundisha pia kuipima thamostati, kile kidude kidogo cha duara kinachokata moto maji yakifika kiwango chake. Nyinyi siku hizi mnatazama video kwenye simu, na mashine zenyewe zina kompyuta ndani zinazowaandikia kosa ni lipi. Sisi tulikuwa tunaipika. Unaitia thamostati kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, unaunganisha nyaya zake kwenye mita, unawasha jiko, unangoja. Ikifika joto lake inalia tik, na mita inanyamaza. Ukiepua sufuria ikapoa, inalia tik tena na mita inaamka. Kama haikulia, imekufa. Thamostati ya mvuke, inayokata kwa joto kubwa zaidi, hupikwa kwa mafuta, maana maji hayafiki huko. Karakana yetu ilikuwa na sufuria moja tu, na kwa miaka mingi chai yetu ilikuwa na ladha ya shaba. Wateja walioonjeshwa walidhani ni viungo.

Sasa niwaeleze mashine ya nyumbani inavyopata moto kupita kiasi, kwa sababu bila hilo hamtajua nilivyoaibika. Ndani yake mna tangi dogo la maji lenye koili ya moto, na juu ya tangi zimebanwa thamostati mbili. Ya kwanza ni ya kahawa, hukata moto kabla maji hayajachemka. Ya pili ni ya mvuke wa kupiga povu la maziwa, huyaacha maji yapande zaidi. Kitufe cha mvuke kazi yake ni ndogo: ukikibonyeza, mashine inaacha kumsikiliza yule wa kwanza, inamsikiliza wa pili. Ukikibonyeza tena kinaruka juu, na yule wa kwanza anarudi kazini. Mashine ikizidisha moto utaijua. Unangoja kahawa, na badala ya maji unatoka mvuke unaotema. Kahawa inakuwa chungu na ina harufu ya kuungua, na mkono wa chujio, ule mpini wa kikombe cha unga wa kahawa, haushikiki.

Kwa kawaida kosa ni chokaa iliyoganda ndani ya tangi, au thamostati iliyokufa, au ile grisi nyeupe inayopitisha joto kati ya thamostati na tangi imekauka. Hayo mtayasoma. Lililonipata mimi sijaliona kwenye kitabu chochote.

Siku hizo nilikuwa nikiteremka Kilifi kila wiki kuhudumia majiko ya hoteli za ufuko wa Bofa. Mpishi mmoja akaniambia kwao Takaungu kuna mama anaitwa Bi Mwanaisha, mjane, aliyekuwa mpishi kwenye nyumba ya Mwitaliano pale pale Bofa. Mwenye nyumba aliporudi kwao moja kwa moja alimwachia mashine yake ya kahawa. Bi Mwanaisha akaiweka jikoni kwake, akaanza kuwauzia kahawa na kaimati majirani na wafanyakazi wa hoteli wanaotoka asubuhi. Sasa mashine imemgeuka, na wateja wamerudi kwenye chai.

Nilimkuta kwenye nyumba ya zamani yenye kuta nene, kichochoroni, jikoni peupe na pasafi kuliko jiko la hoteli lolote nililowahi kulifungulia mlango.

"Fundi, kahawa yangu inanuka kibanda kilichoungua," alisema. "Mtu akiinywa ananiuliza kama kuna aliyeumia."

Nikaifungua hapo hapo. Tangi lilikuwa limejaa chokaa ya maji ya kisima, nene kama ukoko wa wali. Koili ikivaa koti kama hilo, joto halifiki kwenye thamostati kwa wakati, na moto unaendelea. Nikaisafisha kwa maji ya ndimu, nikaisuuza mara nyingi, nikamwambia awe anachuja maji na kutumia ya mvua anapoyapata. Hapo nilikuwa sahihi kabisa. Nawaomba mlikumbuke hilo, kwa sababu ni mara yangu ya mwisho kuwa sahihi kwa muda mrefu.

Akaniletea sahani ya kaimati. Sijui kama nyinyi mmewahi kula kaimati za mtu wa Takaungu. Nje inavunjika, ndani ni laini, na shira yake ya hiliki, ile sukari nzito iliyochemshwa, inabaki kwenye vidole. Nikala moja, nikajaribu kahawa. Nikala nyingine, nikabonyeza kitufe cha mvuke kumwonyesha povu linavyotakiwa kuwa. Taa ndogo ya kile kitufe ilikuwa haiwaki. Nikamwambia taa si kitu, mashine haipiki kwa taa. Nikala tena, nikaenda zangu nikiwa nimefurahi.

Haukupita muda akanipigia simu. "Fundi, imerudi vilevile."

Nikaenda kuichukua, nikaipeleka Malindi. Nikaifuta yote kwa kitambaa cha uvuguvugu kama nilivyofundishwa, nikaifungua. Thamostati nikaipika. Ikalia tik vizuri, na mimi nikaibadilisha hata hivyo, kwa sababu mteja akilalamika mara ya pili ni lazima ubadilishe kitu. Nikaiwasha kutwa nzima mezani kwangu. Haikuchemka. Nilikunywa kahawa nyingi mno siku ile mpaka mikono ikatetemeka, nikashindwa kuchomelea waya wa redio ya mtu.

Nikamrudishia. Akaonja, akafumba macho kidogo. "Sasa hii ni kahawa," akasema. Kaimati zikaja. Nikamweleza habari za thamostati kwa urefu, nikiwa na kaimati mkono mmoja na mwingine nikionyesha kitufe hiki na kitufe kile, nikavibonyeza vyote. Alinisikiliza kwa adabu. Baada ya siku chache simu ikalia.

Mara ya tatu nikalaumu umeme. Fundi aliyeshindwa hakosi umeme wa kulaumu. Nikamwambia Takaungu umeme unapanda na kushuka, nikamnunulia stabilaiza, kisanduku kizito cha kutuliza umeme, nikakibeba mwenyewe begani kutoka njia kuu. Mashine nikaipeleka tena Malindi, nikaifuta, nikaifungua, nikabadilisha grisi, nikaiwasha. Huko Malindi ilikuwa mtoto mtiifu. Nikairudisha, ikafanya kazi mbele yangu, nikala, nikaondoka, ikaharibika.

Ikaendelea hivyo. Mchuuza samaki wa njiapanda akaanza kunisalimu kwa jina. Wanawake waliokaa barazani wakiniona na begi langu husema, "Fundi kaja," halafu wanainamisha vichwa kwenye ukili wanaosuka, mabega yanacheza. Mimi nilidhani wanacheka kwa sababu sijui kazi. Sikuwa nimegundua kwamba nilikuwa nimeanza kupiga pasi shati la kwenda Takaungu, na kwamba kabla ya kila safari napita kwa kinyozi. Mke wangu alikuwa amefariki miaka mingi nyuma, watoto wameshaenda kwao, na nilikuwa nimezoea kula wali wa hotelini nikiwa nimesimama. Kama mngeniuliza, ningewaapia kuwa naipenda ile mashine tu.

Halafu likatokea lisilokuwa la kuchekesha. Asubuhi moja Bi Mwanaisha alifungua mkono wa chujio, na mvuke uliokuwa umebanwa ndani ukatoka na maji ya moto, ukamwunguza kifundo cha mkono. Hakunipigia yeye. Alinipigia kaka yake, Mwalimu Athumani, aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi mpaka akastaafu.

"Wewe ndiye Salim?" akauliza.

"Ndiye mimi. Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Njoo kesho." Akakata.

Nilisafiri nikiwa na moyo mzito. Nilishazoea kuchekwa. Lakini kumwunguza mtu ni jambo jingine, na nilikuwa nimemwambia kwa mdomo wangu kuwa imepona. Nilimkuta ameufunga mkono kitambaa cheupe. Nikamwomba radhi, akasema si kitu, Mungu amemwepusha. Nikaona anashika kikombe kwa mkono wa kushoto, na sikuweza kuendelea kumtazama.

Mwalimu Athumani alikuwa sebuleni, kanzu nyeupe, miwani ncha ya pua. Akanionyesha kiti. Bi Mwanaisha akaingia jikoni, pazia likashuka.

"Fundi," akasema, "nimesomesha watoto maisha yangu yote, kwa hiyo nitakuuliza kama ninavyojua kuuliza. Swali ni moja na majibu ni mawili. Umekuja kwenye nyumba hii kutengeneza kitu kimoja mpaka mbuzi wa mtaa wanakujua. Ama hujui kazi yako, ama una nia nyingine. Lipi?"

Nikafikiri. Nikisema sijui kazi, basi nusu ya wapishi wa Bofa ni watu wa Takaungu, na kabla sijafika Kilifi hoteli zote zitakuwa na habari. Nikisema nina nia nyingine, huyu si mtu wa kuambiwa hivyo kisha ukaaga ukaenda zako. Na wakati napima yote mawili kama thamostati kwenye sufuria, nikashangaa kuona kwamba la pili halikuwa uongo. Nilijua hapo, kwenye kiti cha watu, mbele ya kaka yake. Mahali pabaya kuliko pote pa kujua jambo kama hilo.

"La pili," nikasema.

Mwalimu akavua miwani. Nadhani alikuwa amejiandaa kwa la kwanza. "Mwenye nia huleta wazee wake," akasema.

"Nitawaleta, Mwalimu."

Sauti ikatoka nyuma ya pazia, ya taratibu, kama mtu anayeagiza kitu sokoni. "Kaka, mwambie wazee watakaribishwa. Lakini mashine itangulie. Mimi siolewi na mtu anayeshindwa na birika."

"Si birika," nikasema kwa mazoea ya kazi.

"Basi akiliweza aje aniambie ni nini," akasema.

Kesho yake nilikwenda Jilore. Fundi Charo alikuwa ameacha kazi zamani, analima mahindi na kunde. Nilimkuta amechuchumaa shambani akizibua pampu ya kunyunyizia dawa, amepuliza kimrija mpaka mashavu yamevimba. Nikamweleza kila kitu, pamoja na swali la Mwalimu na jibu langu. Alitua kimrija, akacheka mpaka akakaa chini. Mkewe akatoka ndani kuuliza kama kuna msiba.

Alipopata pumzi akaniuliza, "Ukiwa nayo Malindi inachemka?"

"Haichemki."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Nimeiwasha kutwa."

"Na Takaungu?"

"Takaungu inachemka."

"Sasa wewe mbona unaichukua kutoka inakougua unaipeleka inakopona, halafu unaitafuta homa?" Akarudi kwenye pampu yake. "Nenda ukakae kule. Usifute kitu wala usifungue kitu. Mwache mwenyewe aitumie, wewe tazama. Na usiongee, Salim. Wewe ukiongea huoni."

Alinipa kunde za kupeleka ukweni. Nilimwambia bado si ukweni. Akasema kwa kazi yangu anayoijua, huenda pasiwe, lakini kunde haziozi.

Nikarudi Takaungu asubuhi. Mwalimu Athumani alikuwepo, ameketi mlangoni mwa jiko na gazeti, maana sasa mimi nilikuwa mtu mwenye nia na jiko halikuwa la kuachiwa hivi hivi. Nikasema leo sitafungua mashine na sitakula, nimekuja kutazama. Bi Mwanaisha akanipa kibao cha mbuzi nikalie. Kwa wale wasiojua, hicho ndicho kiti cha kukunia nazi. Nikakaa chini kabisa, magoti masikioni, macho yangu yakiwa sawasawa na mashine mezani. Mkao wa aibu, lakini ndio ulionisaidia.

Bi Mwanaisha alinawa mikono, akaikausha kwa kitambaa, akaiwasha mashine. Hakugusa kitufe cha mvuke kabisa. Haukupita muda ikaanza kunguruma, na alipobonyeza kahawa, mvuke ukatoka ukitema. Nikataka kusimama nishike bisibisi. Nikamkumbuka Charo, nikakaa. Nilichoweza kufanya bila kusimama ni kutazama tu, basi nikatazama.

Nikaona sisimizi. Walikuwa wanapanda ukutani kwa mstari, wakashuka mezani, wakapanda ubavuni mwa mashine. Hawakwenda kwenye bomba la kahawa, wala kwenye mrija wa maziwa ambako mtu angewatarajia. Walikwenda wote mahali pamoja, kwenye ule uwazi mwembamba unaokizunguka kitufe cha mvuke, wakaingia ndani mmoja mmoja.

"Chomoa umeme tafadhali," nikamwambia Bi Mwanaisha. Akachomoa. Tukaiacha ipoe. Nikafungua ubavu, nikatia nyaya za mita kwenye miguu miwili ya kile kitufe. Kitufe kilikuwa juu, kimezimwa, na mita ikalia. Haikutakiwa kulia. Nikakibonyeza, ikalia. Nikakiachia, kikapanda juu kama kawaida, nayo ikaendelea kulia. Kwa nje kilikuwa kimezimwa, kwa ndani vibati vyake viwili vya shaba vimeshikana, vinang'ang'aniana. Kila siku mashine ilikuwa inapika maji kwa joto la mvuke bila mtu kuiambia, na ile taa ambayo ingetuonya ndiyo niliyosema si kitu.

Nikakitoa. Ndani kulikuwa na kitu cha rangi ya kahawia, kigumu, kinachonata, na sisimizi wamezama. Nikakinusa. Kisha nikafanya jambo ambalo siwashauri mlifanye, nikaonja.

"Hiliki," nikasema.

Mwalimu akafunua ukurasa wa gazeti.

"Ni shira," nikasema. "Shira imeingia kwenye kitufe. Mashine ikiwa ya moto inalegea, ikipoa inaganda na kuvishika vile vibati. Ndiyo maana Malindi ilikuwa nzima. Nilikuwa naifuta kwa maji ya uvuguvugu kabla ya kuifungua, shira inayeyuka inatoka, nami naketi kutafuta ugonjwa niliokwisha kuuosha." Nilikuwa nimefurahi mno, nikaendelea bila kufikiri. "Sasa cha kujua ni nani amekuwa akikibonyeza akiwa na shira vidoleni. Bi Mwanaisha, ukipika kaimati huwa unaigusa mashine?"

"Mimi hunawa," akasema. "Umeniona sasa hivi."

Mwalimu Athumani hakuinua macho kwenye gazeti. "Mimi sijawahi kuigusa. Naiogopa."

Wakanitazama wote wawili. Hawakunitazama usoni. Walinitazama mkono wa kushoto. Nilikuwa nimesema sitakula, na kweli nilikuwa nimekataa chakula, lakini sahani ilikuwa karibu na kile kibao, na mawazo yalikuwa kwenye mita. Mkononi nilikuwa na kaimati iliyoumwa nusu, shira imeteremka mpaka kiganjani.

Nikaiweka chini taratibu, kana kwamba nikifanya polepole haitaonekana.

Mwalimu akakunja gazeti mara mbili, akaliweka magotini. "Kumbe siku ile nilikuuliza vibaya," akasema. "Majibu yalikuwa sahihi yote mawili."

Bi Mwanaisha aligeukia ukuta. Nikadhani amekasirika, na haki alikuwa nayo, mkono wake ulikuwa bado una alama. Nikaanza kumwomba radhi tena. Kisha nikaona mabega yake yanacheza kama ya wale wanawake wa barazani, na alipogeuka alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya leso.

"Imepona?" akauliza.

"Imepona. Nitaweka kitufe kipya chenye taa inayowaka, na nitakifunika kwa mpira wa baiskeli."

"Na wewe?"

"Mimi nitanawa."

Wazee wangu walikwenda baada ya mwezi mtukufu. Fundi Charo, ambaye ni Mkristo na hakutakiwa kusema neno kwenye shughuli ile, alikuja na shati jipya akaketi na wazee wa upande wangu, na alipoulizwa anamjuaje bwana harusi akasema ndiye aliyemfundisha kazi, halafu akawaomba wasimhukumu. Nikafunga karakana ya Malindi miaka iliyofuata, macho yalipoanza kuona waya mmoja kuwa nyaya mbili, nikahamia Takaungu kwa jumla. Mashine ile iko mpaka leo. Thamostati niliyoitoa bila kosa naiweka dirishani, nikiwa mwingi wa maneno Bi Mwanaisha huitazama tu, nami hunyamaza.

Mnachotakiwa kukifanya nadhani mmekiona. Itazame mashine pale inapougua, kwa mikono ya mwenyewe, kabla hujaibeba. Taa ndogo iliyokufa ibadilishe siku hiyo hiyo. Usimwambie mtu kitu kimepona kama hujui kilikuwa kinaumwa nini, kwa sababu kuna mtu atakayekishika kwa kukuamini. Na naweni mikono. Hilo wenzangu wote wa ufundi walijua isipokuwa mimi.

Nina jambo moja la mwisho, kisha niwaache na masomo yenu. Wiki ya kwanza ya ndoa niliingia stoo kutafuta mahali pa kuweka begi langu la vyombo. Nyuma ya gunia la mchele nikakuta kikapu. Ndani mlikuwa na pasi, blenda na feni ndogo ya mezani, vyote visafi, nyaya nzima. Nikavitoa kimoja kimoja, nikavichomeka. Hakuna kilichowaka. Nikafungua plagi zao, na zote hazikuwa na fyuzi. Mtu alikuwa amezitoa.

Nikamfuata Bi Mwanaisha barazani, alikuwa akichagua mchele kwenye ungo. "Vile vitu vya stoo vina nini?" nikamwuliza.

Hakuinua kichwa. "Havina kitu."

"Fyuzi zake ziko wapi?"

Akaendelea kuchagua kidogo. Kisha akainuka, akaingia jikoni, akarudi na kikopo, akanimiminia kiganjani fyuzi tatu ndogo.

"Nilizitoa siku ile ulipoleta ile stabilaiza," akasema. "Uliibeba begani kutoka njia kuu, jua kali, umetoka jasho, na ulikuwa na uhakika sana. Nikaogopa kweli safari hii imepona. Nikajiuliza, kesho nitapiga simu niseme nini?"

Akakaa, akarudisha ungo magotini. Nikaenda stoo nikazirudisha fyuzi mahali pake. Pasi ikashika moto, blenda ikaguna, feni ikazunguka, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile nikawa nimetengeneza kitu kikapona siku hiyo hiyo.